Mhusika Anapanda Ngazi, Mbona Hakui?

SWALI: Natunga mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, unaotumia dadu la pande 20: unarusha, unajumlisha nyongeza yako, na ukifikia namba ya ugumu umefaulu. Mhusika akipanda ngazi hupata nyongeza ya 1, nami napandisha ugumu kwa 1 ili mambo yasiwe mteremko. Wachezaji wangu wanne wanasema hawaoni tofauti, na mapigano ya ngazi ya 10 hayaishi. Nirekebishe wapi?

JIBU: Wana haki ya kulalamika. Ngazi ya 1, mwenye nyongeza ya 3 anayetafuta 13 anahitaji dadu lionyeshe 10 au zaidi, yaani asilimia 55. Ngazi ya 10 ana nyongeza ya 12 na anatafuta 22. Bado ni 10, bado ni asilimia 55. Namba zimevimba tu.

Ugumu ufunge kwenye kitu chenyewe. Mlango wa mbao uwe 10, wa chuma 20, hata mhusika akishakuwa bingwa. Mwenye 3 ataupasua wa mbao kwa asilimia 70 na wa chuma kwa 20. Mwenye 12 hana haja ya kurusha dadu kwa wa mbao, na wa chuma anauweza kwa asilimia 65. Hapo ataona amekua.

Lakini punguza kasi ya nyongeza, la sivyo kufikia ngazi ya 18 atakuwa na 20 na hakuna mlango utakaomsumbua. Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, toleo la 2014, nyongeza yake ya umahiri huanzia 2 na kuishia 6 tu katika ngazi 20. Ngazi za katikati zijaze uwezo mpya: kusema na wafu, kupokea pigo lililomlenga mwenzake mara moja kwa kila pigano.

Mapigano nayo yanarefuka kwa sababu, nadhani, umeongeza uhai wa maadui ukasahau nguvu ya mapigo. Wachezaji wanne, asilimia 55 ya kupata, pigo la madadu mawili ya pande 6 (wastani 7): ni pointi 15 hivi za uhai wa adui kwa raundi. Zimwi la pointi 45 linaanguka raundi ya 3. La pointi 150 litahitaji 10, na kuanzia ya 5 watu wanachezea simu. Lenga raundi 3 au 4. Ukitaka zimwi litishe, lipe zamu mbili au wasaidizi, maana likiwa peke yake linatenda mara moja wao wakitenda mara nne. Usilipe pigo kubwa mno: kurusha kumoja kwa bahati kutamuua mchezaji kabla hajapata zamu.

SWALI: Na nikihamia madadu mawili ya pande 6?

JIBU: Bana nyongeza zaidi. Anayetafuta 7 ana asilimia 58. Nyongeza ya 1 inampeleka 72, ya 2 inampeleka 83, ya 3 inampeleka 92. Ishie hapo.