Safari ya klabu kwenda Gombe: je, fomu ya mzazi inatosha?

SWALI: Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira katika sekondari moja ya Kigoma mjini. Julai tunapeleka wanafunzi 38 Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, kwa boti. Wazazi wote wamesaini fomu za ruhusa. Kuna kingine cha kuandaa kwa upande wa usalama?

JIBU: Kipo, Mwalimu, tena kikubwa kuliko fomu. Saini ya mzazi haimwokoi mtoto majini. Gombe hakufikiki kwa barabara, na Julai upepo wa kusini-mashariki huweza kulichafua Ziwa Tanganyika kwa muda mfupi.

Anzeni na fedha. Mkishalipa boti yote na mwenye boti harudishi fedha, asubuhi yenye mawimbi mtaondoka tu. Andikianeni kwamba hali ya hewa ikiwa mbaya, siku itasogezwa bila makato. Nahodha akisema hapana, asibembelezwe hata na mkuu wa shule. Nawe uwe na kauli hiyo hiyo, iandikwe mapema.

Jaketi okozi msiyahesabu tu, yajaribuni siku moja kabla. Mvalishe mwanafunzi, funga mikanda yote, kisha livute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, na majini litamvuka kichwani. Mwenye boti akikosa saizi ndogo, tafuteni mwingine. Yavaliwe kabla ya kupanda, yavuliwe nchi kavu.

Ombeni kuona cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Idadi ya abiria inayoruhusiwa inawahusu walimu pia. Mkizidi, kodini boti mbili.

Kinachonitia hofu zaidi ni dakika za kufika. Nyani wa Gombe hushuka hadi ufukweni, na watoto wakiwaona husimama wote na kuegemea upande mmoja, boti ikalala. Kila mmoja awe na nafasi yake, asiinuke mpaka nahodha aseme. Mwalimu mmoja akae mbele, mwingine nyuma, wote na orodha ya majina. Nakala ibaki shuleni kwa mtu anayejua saa ya kurudi, mwenye namba za nahodha na za hifadhi.

Mwenye mafua abaki nyumbani, kwani sokwe huambukizwa na binadamu magonjwa ya njia ya hewa. Na kabla ya kufunga orodha, waulizeni hifadhi umri wa chini wa wanaoruhusiwa kuwafuata sokwe msituni.