Maswali ya Mafundi: Bomba Linang'aa Nje, Ndani Limeungua

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Makambako, nilizoea mashine ya vijiti na sasa nimenunua ya TIG, inayochomelea kwa ncha ya tangsteni huku gesi ikiukinga mshono. Nimeunganisha mabomba ya chuma kisichoshika kutu katika kiwanda kidogo cha maziwa. Kwa nje mishono inapendeza, lakini walipofungua kiungo kimoja walikuta ndani kumefanya maganda meusi yenye chengachenga. Mwenye kiwanda anataka pia nimchomelee bomba la mvuke la boila. Je, nikubali?

JIBU: Ndugu msomaji, agoni, yaani gesi ya kukinga mshono na hewa, inayotoka kwenye tochi yako hulinda upande unaouona tu. Chuma kinapoyeyuka mpaka ndani, hewa iliyomo bombani hukivamia, nayo kromiamu huungana na oksijeni na kufanya hayo maganda. Kromiamu ndiyo inayokikinga chuma hicho na kutu. Ikishateketea, kutu huanzia papo hapo kwenye mshono, na maziwa hujificha katika mianya ambayo dawa ya kusafishia haiifikii.

Viungo hivyo vikatwe na kurudiwa, na safari hii bomba lijazwe agoni kabla hujawasha. Ziba ncha zote mbili, ingiza gesi kwa chini na uache kitundu cha kutolea hewa kwa juu, kwa kuwa agoni ni nzito kuliko hewa. Bomba la kipenyo cha milimita 50 na urefu wa mita 1 hubeba karibu lita 2. Ukitaka hewa ya ndani ibadilishwe mara 10, ukipitisha lita 8 kwa dakika utahitaji dakika mbili na nusu. Kisha punguza mtiririko, maana shinikizo likizidi, gesi itausukuma nje uji wa chuma pale unapofunga mshono. Usiikate gesi hiyo mpaka kiungo kipoe. Rangi ya manjano hafifu ndani ni dalili njema, ilhali kijivu na weusi ni dalili kwamba hewa bado inaingia.

Upepo wa Makambako unaujua kuliko mimi. Mafundi wengi upepo ukivuma huongeza gesi ya tochi, jambo ambalo ni kosa, kwa sababu gesi inayotoka kwa kasi mno huvurugika na kuvuta hewa ndani yake. Funga turubai, ubaki kwenye lita 8 hadi 10 kwa dakika. Waya wa kujazia uwe wa aina ya 308L kwa bomba la aina ya 304L (hizo ni namba za aina za chuma kisichoshika kutu), na brashi uliyosugulia chuma cheusi, yaani chuma cha kawaida, isiguse kazi hii kabisa.

Kuhusu boila, kwa sasa usikubali. Mvuke wenye shinikizo la bar 10 una joto la karibu nyuzi 180 za Selsiasi, na kiungo kikiachia hakuna atakayewahi kukimbia. Boila na vyombo vya shinikizo hukaguliwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, kwa hiyo mwenye kiwanda aanze kwa mkaguzi, apate utaratibu wa kuchomelea ulioandikwa, nawe uchomelee kipande cha majaribio cha unene uleule, katika mkao uleule, kikatwe na kukunjwa mbele ya mkaguzi. Kipande hicho kikipita bila ufa, mtazungumza bei.

SWALI: Je, ni kweli kwamba elektrodi za tangsteni (zile sindano za tochi ya TIG) zenye ncha nyekundu zina sumu? Msomaji, Tukuyu.

JIBU: Zina thoriamu, ambayo hutoa mionzi kidogo. Kuishika elektrodi si tatizo kubwa. Hatari ni kuvuta vumbi lake unapoinoa. Nunua zenye lanthanamu, zinazotambulika kwa ncha ya dhahabu au bluu, na hata hizo zinoe ukiwa umevaa barakoa, mikwaruzo ikifuata urefu wa elektrodi, kwani ikizunguka, moto wa tochi huyumba.