Triatloni ndefu ya kwanza: tumbo nalo lifanye mazoezi

Watu wakisikia kwamba niliogelea kilomita 3.8, nikaendesha baiskeli kilomita 180, kisha nikakimbia 42.2, na yote siku moja, huniuliza habari za miguu. Miguu iliwezaje? Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za tumbo, na tumbo ndilo lililonifikisha. Kama unajiandaa kwa triatloni yako ya kwanza ya masafa haya, lishike hili kabla ya mengine yote: ni siku ya kula na ya kujizuia. Ushauri wa misuli utaupata kila mahali. Hayo mawili ndiyo wengi huyakumbuka wiki ya mwisho, wakati muda wa kujifunza umekwisha.

Tuanze na hesabu, maana hesabu huondoa woga. Mashindano mengi ya masafa haya hutoa saa 17. Yakianza saa 1 asubuhi, yanafungwa saa 6 usiku. Katikati kuna vikomo vingine: kwa kawaida ndani ya saa 2 na dakika 20 tangu kuanza uwe umetoka majini, na kama saa 10 na nusu tangu kuanza uwe umerudisha baiskeli. Kila shindano lina kanuni zake, kwa hiyo soma kijitabu cha washiriki mpaka mwisho. Sasa tuseme umetoka majini kwa saa 1 na dakika 30, ukatumia dakika 10 kubadilisha nguo. Umebakiwa na saa 8 na dakika 50 za baiskeli, ambazo zinahitaji kasi ya kilomita 20 na kitu kwa saa. Hata ukirudisha baiskeli dakika ya mwisho kabisa, bado unazo saa 6 na nusu za kumalizia, yaani dakika 9 kwa kila kilomita na chache za kubadilisha viatu. Kwa mwendo huo unaweza kuchanganya kukimbia polepole na kutembea kwa haraka, na ukafika. Baada ya kuiandika hesabu hiyo kwenye karatasi sikuwaza tena saa. Nilianza kuwaza nifanyeje nishuke kwenye baiskeli nikiwa bado nina hamu ya kula.

Triatloni ya masafa haya ilizaliwa na ubishi. Mwaka 1977, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, John Collins, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alipendekeza kuunganisha mashindano matatu ya pale kisiwani ili ijulikane nani hasa ana pumzi: muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Shindano lenyewe likafanyika Februari 1978: walianza watu 15, wakamaliza 12. Gordon Haller alishinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Lakini mimi huvutiwa zaidi na aliyekuwa wa pili. John Dunbar aliingia kwenye marathoni akiwa mbele, kisha waliokuwa wakimhudumia wakaishiwa maji, wakampa bia. Haller akampita. Miaka minne baadaye, Februari 1982, Julie Moss aliongoza wanawake mpaka karibu kabisa na mstari wa mwisho, mwili ukagoma, akaanguka na kumalizia akitambaa huku Kathleen McCartney akimpita. Dunbar na Moss, wote wawili walikuwa na miguu ya kushinda.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Mwili uliolishwa vizuri huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kiasi cha gramu 500 hivi, kama kalori 2,000. Siku ya namna hii inakula kalori nyingi kuliko hizo mara kadhaa. Mafuta ya mwili yatasaidia, tena sana, lakini polepole, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyodai wanga. Akiba ikiisha, kasi huporomoka, kichwa huwa kizito, na jambo dogo kama kufunga kamba za viatu linakuwa mtihani. Kwa hiyo unakula ukiwa njiani. Ushauri wa kawaida ni gramu 60 za wanga kwa saa, na waliozoeza matumbo yao hufika 90. Jeli moja, yaani pakiti ndogo ya wanga laini ya kumeza, kwa kawaida ina gramu 20 hadi 25, hivyo unazungumzia jeli mbili au tatu kila saa, au kiasi hicho hicho katika kinywaji. Sukari ya aina moja, glukosi, hupita kwenye utumbo kwa kiwango kisichozidi sana gramu 60 kwa saa. Fruktosi, sukari ya matunda, hupitia mlango wake mwingine. Ndiyo maana vinywaji vya wanamichezo huchanganya zote mbili. Soma lebo, usinunue kwa rangi ya pakiti.

Na tumbo hufundishika. Ukilimwagia gramu 80 kwa saa siku ya mashindano bila mazoea, litakurudishia. Mimi nilianza na 40, nikaongeza kidogo kidogo kila wiki katika safari ndefu za baiskeli, kwa vyakula na vinywaji vile vile nilivyokusudia kuvitumia siku yenyewe. Saa ya mkononi niliitegesha ilie kila dakika 20. Ikilia, nakula, nina njaa au sina. Nasisitiza "sina", kwa sababu katika saa mbili za mwanzo za baiskeli hutajisikia njaa hata kidogo, na hizo ndizo saa nzuri za kula: umekaa, tumbo halirukiruki, mwili bado unapokea. Ukifika kwenye mbio, tumbo huanza kuchagua. Kitu kitamu ulichokipenda asubuhi utakiona kama dawa. Kuwa na kitu cha chumvi cha kubadilishia ladha.

Maji nayo yana pande mbili. Kukaukiwa kila mtu anakujua. Kunywa kupita kiasi wachache wanakujua, nako ni hatari zaidi. Mtu anayepiga maji matupu kila kituo kwa saa 14 anaweza kuishusha chumvi kwenye damu mpaka akachanganyikiwa, akatapika, hata akafa. Dalili za mapema ni kichwa kuuma, kichefuchefu na vidole kuvimba. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu: ukipungua kidogo ni kawaida, ukiongezeka umekunywa mno. Kunywa kwa kiu, pata chumvi. Na tafadhali usimeze dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni ukiwa njiani. Figo siku hiyo zina kazi ya kutosha.

Kuhusu mazoezi nitakuwa mfupi. Miezi sita hadi tisa inamtosha mtu ambaye tayari anakimbia au anaendesha baiskeli, kwa saa 8 hadi 12 za wiki katika kipindi kizito. Sehemu kubwa iwe kwa mwendo wa kuweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Baada ya kila wiki mbili au tatu za kuongeza, weka moja nyepesi. Kama huna muda wa kila kitu, linda safari ndefu ya baiskeli, ya saa tano au sita, kwa sababu ndiyo inayojenga pumzi na ndiyo darasa la kula. Huna haja ya kukimbia marathoni nzima mazoezini. Saa mbili na nusu zinatosha, zaidi ya hapo majeraha ni mengi kuliko faida. Na mara kwa mara, shuka kwenye baiskeli uvae viatu ukimbie dakika 20 papo hapo. Mara ya kwanza utadhani umeazima miguu ya mtu.

Muone daktari akupime moyo, hata kama unajiona mzima. Vifo katika mchezo huu ni vichache, lakini vinapotokea, vingi hutokea majini.

Nikija kwenye maji yenyewe, aliyezoea bwawa asidhani kwamba ameshazoea kuogelea. Ziwani au baharini hakuna mstari wa chini wa kufuata wala ukuta wa kushika, na pembeni yako kuna mikono na visigino vya watu. Fanya mazoezi kwenye maji ya wazi, usiwe peke yako, na ujifunze kuinua macho kutafuta boya kila baada ya kupiga mikono sita hadi kumi. Asiyetazama huogelea kilomita 4 na nusu badala ya 3.8. Kama utavaa vazi la mpira, liingie nalo majini mara nyingi kabla ya siku hiyo. Linakubana kifua, na kifua kikibanwa ghafla akili hutafsiri kuwa ni hatari. Pakaa mafuta ya mgando shingoni na kwapani. Wakati wa kuanza, jipange pembeni au nyuma, uache wenye haraka waende zao. Hofu ikikushika, geuka chali, elea, toa pumzi ndefu. Kanuni kwa kawaida zinaruhusu kushika boya au mtumbwi wa waokoaji ukapumzika, mradi usisogezwe mbele. Wengi hawalijui hili, na kulijua tu kunatuliza.

Baiskeli ndiyo inayochukua nusu ya siku yako na ndiyo inayoharibu siku za watu. Utatoka majini umechangamka, watu wanashangilia, mapigo ya moyo yako juu, na kila mtu anakupita. Waache. Nusu saa ya kwanza iwe ya kushusha pumzi na kuanza kula. Kwenye mlima shusha gia, kaa, usipambane na yeyote. Nguvu unayoitumia kuokoa dakika mbili kilimani utailipa dakika 20 usiku. Kipimo changu kilikuwa kimoja: kama sikuweza kusema sentensi kwa sauti, nilipunguza. Nilijisemea sentensi nyingi siku ile, na mwamuzi mmoja wa pikipiki alinitazama kwa wasiwasi. Baada ya kilomita 150 nilianza kuwaona waliokuwa wamenipita asubuhi, mmoja mmoja, wamesimama kando wakijinyoosha migongo.

Jua kanuni zake pia. Huruhusiwi kujificha nyuma ya baiskeli ya mwingine. Mashindano mengi yanataka mita 10 au 12 kati yenu, na ukikamatwa utakaa dakika kadhaa kwenye hema la adhabu. Kofia ngumu ifungwe kabla hujaigusa baiskeli, isifunguliwe mpaka uitundike. Ndugu yako hawezi kukupa chupa wala pampu njiani; msaada wa nje ni sababu ya kuondolewa, kwa hiyo waeleze mapema wasije wakakuponza kwa upendo. Pancha utaziba mwenyewe. Nilifanya mazoezi ya kubadilisha mpira wa ndani, hasa wa gurudumu la nyuma lenye cheni, mpaka mikono ikaweza bila macho. Haikutokea pancha siku ile, na sijutii hata dakika moja ya mazoezi yale.

Kwenye eneo la kubadilishia usihangaike na kasi. Keti, futa miguu, vaa soksi kavu, paka mafuta ya kuzuia jua. Dakika tano hizo utazipata tena kwa kutokuwa na malengelenge.

Marathoni, kwa mtu wa mara ya kwanza, ipange kwa vituo vya maji. Mimi sikuihesabu kama kilomita 42. Nilikimbia polepole hadi kituo, nikatembea nikinywa na kula, nikaanza tena kukimbia meza ya mwisho ilipoisha. Nilianza hivyo tangu kituo cha kwanza, nikiwa bado na nguvu, kwa makusudi. Anayetembea kwa mpango hupata urahisi wa kuanza tena. Anayetembea kwa kushindwa mara nyingi hubaki anatembea. Baada ya kilomita 25 tumbo langu lilikataa jeli, nikahamia kwenye soda iliyotoka gesi na mchuzi wa chumvi uliokuwa mezani, vikanishikilia. Giza litakukuta, kwa hiyo weka fulana ya mikono mirefu kwenye mfuko wa vitu vyako vya njiani kama waandaaji wanatoa nafasi hiyo. Mwili uliochoka hupata baridi hata jioni ya kawaida.

Wiki mbili au tatu za mwisho punguza mazoezi kweli kweli. Utajisikia mzito, goti litauma bila sababu, utataka kujipima kwa safari moja ndefu zaidi. Usiende. Usiku wa kuamkia shindano hutalala vizuri na haidhuru. Usiku wa kabla ya huo ndio wa kulala. Kifungua kinywa ukile muda wa saa tatu kabla ya kuanza, chakula ulichokizoea, hata kama unakila gizani bila hamu.

Ukishamaliza, usikae chini mara moja. Tembea, jifunike, kunywa taratibu, na uwe umeshamwomba mtu mwingine aendeshe gari. Hamu ya kula inaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kisha ikaja yote usiku wa manane, hivyo weka kitu karibu na kitanda. Ngazi zishuke kinyumenyume kwa siku mbili tatu. Kuogelea kwa kujinyoosha unaweza kuanza wiki hiyo hiyo; kukimbia kusubiri wiki mbili au zaidi. Na kama mtu atakuuliza utajiandikisha lini tena, mwambie akuulize mwezi ujao.