Mfadhili akija mwaloni, mwulize habari ya spana

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa Kayenze, mwalo wa huku Mwanza, yaani pale pwani ya ziwa mitumbwi inaposhusha samaki, alinipigia simu. Kikundi chao cha akina mama wa dagaa kimeambiwa kuna wageni wa mradi wanakuja, na yeye kama katibu ametakiwa aandae "mahitaji ya kikundi". Akaniuliza, "Dada, tuandike nini? Wengine wanataka friza, wengine wanataka boti." Nikamwambia asiandike neno kabla hatujazungumza. Tulizungumza mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi. Haya ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka simu ikishakatika.

Nimekuwa katibu wa kikundi cha kukausha dagaa huku Igombe kwa miaka kumi na minne. Semina nilizokaa siwezi kuzihesabu, karatasi za posho nimesaini mpaka mkono umezoea, na picha ipo nikiwa nimeshika hundi ya boksi kubwa kuliko mlango wangu. Kwa hiyo msinichukulie kama mtu anayechukia misaada. Ukoo wetu umepata akili kwa misaada, ngoja nianzie hapo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkulima wa pamba Misungwi, hajui a wala be. Mwaka 1968 ulianza huku Kanda ya Ziwa mradi wa kisomo cha watu wazima wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, na serikali yetu, makao yake yakiwa hapa Mwanza. Uzuri wake ni kwamba haukuwafundisha watu wazima vitu vya watoto. Vitabu vilikuwa vya pamba, vya migomba, vya uvuvi, vya ng'ombe. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa maneno anayoyatumia shambani: palizi, dawa, gunia, mizani. Hilo neno mizani ndilo lililomnasa bibi. Kabla ya hapo alikuwa akipeleka pamba yake kuuza, anatajiwa kilo, anaitikia "haya baba", anaondoka. Baada ya kisomo akawa anasimama ubavuni mwa mizani na daftari lake, anaandika mwenyewe, kisha anajumlisha kwa sauti. Mama anasema karani alikuwa akimwona tu anakohoa. Darasa lilikuwa chini ya mwembe, na wataalamu wa mradi walirudi makwao zamani sana. Bibi alisoma barua zake mwenyewe mpaka siku za mwisho.

Mama naye alipitia HESAWA. Watu wa umri wangu wa Mwanza, Mara na Kagera wanaijua: ule mradi wa maji na usafi uliogharimiwa na Sweden kuanzia 1985 mpaka 2002. Kijijini kwetu walifunga pampu ya mkono, ikaundwa kamati ya maji, ikasisitizwa wanawake wawemo. Mama akaingia. Akafundishwa kuifungua pampu, kubadili mpira wa ndani na kuifunga tena. Spana zake mbili alizificha chini ya kitanda utadhani hereni za dhahabu. Kijiji cha pili mafundi walikuwa vijana wawili wa kiume, wote wakakimbilia machimboni Geita, pampu yao ikafa mapema. Yetu ilidumu kwa kuwa fundi wetu alikuwa na watoto watano na hakuwa na pa kwenda. Hilo sisemi ni la kushangilia, ila ndivyo ilivyokuwa.

Mwisho wake hata yetu ilikufa, fundi akiwa bado yupo na spana zake. Watu walikuwa wameacha kutoa mchango wa maji, mfuko ukakauka, na chuma kikubwa kilipokatika hapakuwa na shilingi ya kukinunulia. Mama alikaa na ufundi wake hivyo hivyo, anaitazama.

Ndiyo maana mgeni wa mradi akimaliza kujieleza, mimi huuliza habari ya spana. Hiki mnachotuletea kikiharibika, nani kati yetu atakuwa amefundishwa kukitengeneza? Kipuri kinauzwa wapi, mjini Mwanza kipo? Na pesa ya kipuri itatoka mfuko gani? Ukiona mgeni anaangalia dereva wake, jua bado.

Maswali haya nimeyajua kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita mfadhili mmoja alitujengea banda la kukaushia dagaa kwa jua, lenye nailoni maalumu juu, kitu kizuri kweli. Mvua za masika zilikuwa zinatuua: dagaa haikauki, inabadilika rangi, inaoza, unaishia kuiuza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya aibu. Banda lilitufaa masika ya kwanza. Mwaka wa pili upepo wa ziwani ukaipasua ile nailoni. Tukazunguka Makoroboi, tukazunguka maduka ya mjini yote, hakuna anayeijua. Ilikuwa imetoka nje ya nchi. Tukaandika barua, tukaambiwa mradi ulishafungwa. Leo lile banda linalala mbuzi wa jirani.

Na kuna la pili kwenye banda hilo hilo, la kwetu wenyewe. Tulisaini mkataba wa kurasa tisa kwa Kiingereza, tukipiga makofi. Ukurasa wa saba ulikuwa unasema kikundi kitachangia asilimia 20 ya gharama. Tulikuja kuujua huo ukurasa siku ya kudaiwa. Kwa hiyo usisaini karatasi usiyoweza kuwasomea wanachama wako kwa sauti mkutanoni. Omba ya Kiswahili. Wakisema tafsiri itachelewesha mradi, uacheni mradi uchelewe.

Lakini watu wale wale wa banda walitufundisha chanja kwa siku tatu. Zamani tulikuwa tunaanika chini, kwenye mchanga, dagaa inakauka na mchanga wake na kinyesi cha kuku. Chanja ni miti na nyavu chakavu tu, unaipandisha usawa wa kiuno, upepo unapita juu na chini. Mti ukioza unakata mwingine. Dagaa ya chanja haina mchanga, na wanunuzi pale Mwaloni Kirumba, hata wale wanaopeleka Kongo, wanaitofautisha kwa kuitia mdomoni tu. Katika pesa yote iliyotumika, hizo siku tatu sidhani zilikula hata sehemu ndogo. Ndizo zilizobaki.

Kuna siku mtoa mada mmoja kwenye semina alinifanya niamke usingizini. Alituambia kwamba mwaka 1990 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo, UNDP, ulitoa ripoti ya kwanza ya maendeleo ya watu, ikiongozwa na mchumi wa Pakistan aitwaye Mahbub ul Haq. Hoja yake ilikuwa kwamba ukitaka kujua nchi imeendelea usihesabu pesa peke yake. Tazama watu wanaishi miaka mingapi, wamesoma kiasi gani, halafu ndiyo uje kwenye kipato. Akina mama wenzangu walicheka. Mmoja akasema, "Huyo baba alishafika mwaloni nini?"

Maana mwaloni pesa ipo. Giza likikolea na dagaa ikichanganya, kijana wa mtumbwini anashika pesa ambazo mkulima wa Kwimba anazisubiri mpaka mavuno. Sasa nenda nyumbani kwake. Mtoto wa darasa la nne hayuko shule, anaokota dagaa zinazodondoka kwenye ndoo. Choo hakuna. Maji ya kunywa yanachotwa pale pale wanapooga, na yule mtoto anapata choo chenye damu wala hashangai, kwa sababu wenzake nao ni hivyo hivyo. Kichocho hicho.

Dawa ya kichocho, prazikwanteli, inagawiwa mashuleni. Mtoto anasimamishwa kwenye fito ya kupimia urefu, anahesabiwa vidonge. Vingi vinatolewa bure na kampuni ya Merck ya Ujerumani kupitia Shirika la Afya Duniani, tangu 2007. Huo ni ushirikiano mzuri na nauunga mkono. Ila mtoto akishameza anarudi ziwani, kwenye konokono wale wale wanaoeneza kichocho, na asiyekwenda shule wala fito haioni. Kwa hiyo kikundi chenu kikiulizwa mahitaji, kuandika "choo na bomba mwaloni" msione ni jambo dogo kuliko boti. Nilimwambia hivyo yule wa Kayenze, akanyamaza. Najua boti inapendeza zaidi kwenye picha.

Jambo jingine ni mwezi. Watu wa miradi wana kalenda ya ofisini, sisi tuna ya mbinguni. Dagaa inavuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika. Mafunzo yakipangwa wakati wa giza, watakaokuja ni wale wasio na kazi na wale wanaofuata posho, na mwishoni ripoti itasema wanawake wa Igombe hawana mwamko. Wapeni wageni tarehe za mbalamwezi siku ya kwanza kabisa. Tangu tuanze kufanya hivyo mahudhurio hayana shida, na hata posho haigombewi sana.

Kabla hata mgeni hajafika, muwe na sanduku lenu la kuweka akiba na kukopeshana. Sisi tunanunua hisa kila wiki, hisa moja shilingi 2,000, sanduku lina kufuli tatu na funguo zimekaa kwa wanawake watatu wasiopendana sana, kwa makusudi. Mtindo huu wa hisa ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini kule, ukasambaa Afrika mpaka kwetu. Nalitaja kwa sababu wengi wetu tukisikia "ushirikiano wa kimataifa" tunamtazama Mzungu, kumbe kilichotukomboa zaidi kilitoka kwa wanawake wa Niger wenye jangwa. Mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilipofungwa, kila mtu aliyezoea miradi alianza kuuliza itakuwaje. Kwetu siku ya hisa ilifika, tukanunua hisa. Na mwenye sanduku hata akienda halmashauri kuomba ule mkopo usio na riba wa wanawake, vijana na wenye ulemavu, ana daftari la kuonyesha.

Daftari letu naliandika mimi, ila kila mwaka namfundisha mmoja. Wanne sasa wanaweza. Nikiugua kikundi hakiugui.

Sitaki kudanganya kwamba maswali haya hayana gharama. Mwaka juzi alikuja mgeni na injini ya boti ya kukopesha vikundi. Nikauliza ya spana, nikauliza ya kipuri, nikaomba mkataba wa Kiswahili. Akasema atarudi. Hakurudi, injini akaipeleka kwa kikundi kingine mbele kidogo, ambao hawakuuliza kitu. Nilisubiri niione imefunikwa turubai. Mpaka leo inafanya kazi, naisikia alfajiri ikipita, na sisi bado tunakodi. Mwenyekiti wetu akiisikia hunigeukia, hasemi kitu, anaendelea kugeuza dagaa zake kwenye chanja.