Muulize Mwalimu wa Kemia: pete ya kijani, bati la Kigamboni na maputo ya bei chee

Mwalimu shikamoo. Mchumba wangu alinivisha pete mwaka jana, akasema ni dhahabu ya kareti 18. Sasa nikiivaa siku mbili mfululizo kidole kinakuwa cha kijani, shoga zangu wanasema nimepigwa. Kwenda kwa sonara naogopa, akisikia ataona simwamini. Kuna namna ya kujua nyumbani? (Dada wa Tabata)

Marahaba dada. Hiyo kijani ni ya shaba, hapo hakuna ubishi. Jasho lina chumvi na asidi kidogo, likikaa na shaba linatengeneza vichumvichumvi vya kijani vinavyoganda kwenye ngozi, havina madhara, sabuni inatoa. Dhahabu yenyewe haina tabia hiyo kabisa, ukiizika leo wakaja kuifukua baada ya miaka elfu moja wataikuta inang'aa vilevile.

Ila usianze kumnunia mtu bado. Kareti 18 maana yake sehemu 18 kati ya 24 ndo dhahabu, robo iliyobaki ni metali zingine, mara nyingi shaba na fedha, kwa sababu dhahabu tupu ni laini mno, pete ingepinda ukifua nguo tu. Na wala sio bahati kwamba hizo tatu zinachanganyika vizuri, kwenye lile jedwali la elementi zimekaa safu moja, shaba namba 29 juu, fedha namba 47 katikati, dhahabu namba 79 chini yake. Kwa hiyo kareti 18 ya kweli inaweza kuacha doa kidogo kwa mtu anayetoka jasho sana, na Dar hii nani hatoki jasho. Lakini kidole kizima kijani ndani ya siku mbili, aisee, hapo hata mimi nashtuka.

Angalia kwanza ndani ya pete kuna mhuri gani. 750 ndo kareti 18, 916 ni kareti 22, 375 ni kareti 9. Mhuri lakini mtu yeyote anagonga, usiuamini peke yake. Sumaku nayo inakamata chuma na metali chache tu kama nikeli, shaba na brasi (shaba iliyochanganywa na zinki) zote hazinasi, kwa hiyo yule anayekwambia "haijanasa basi ni dhahabu" anakupotosha.

Kinachosema ukweli ni uzito. Dhahabu tupu ni nzito mara 19.3 ya maji, kareti 18 inacheza kwenye 15 hadi 16, brasi iliyochovywa dhahabu iko 8 na kidogo. Azima kile kimizani kidogo cha dijito kinachosoma hadi gramu 0.01. Pima pete ikiwa kavu, tuseme imesoma 4.65. Halafu weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri, funga pete kwa uzi mwembamba uizamishe yote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, usiiachie, shika uzi. Mizani itasoma namba ndogo, hiyo ndo ujazo wa pete. Ikisoma 0.30 gawanya 4.65 kwa 0.30 unapata 15.5, haya kalale, mchumba yuko safi. Ikisoma 0.55 unapata kama 8.5, hiyo ni brasi mama. Pete yenye kito haipimiki hivi, kito kinaharibu hesabu. Na kuna wajanja wanatumia metali iitwayo tangsteni ambayo uzito wake ni mara 19.25 ya maji, karibu sawasawa na dhahabu tupu, ila hao wanahangaika na vipande vikubwa sio kipete cha gramu nne.

Ikigoma zote nenda Kariakoo kwa sonara, atasugua pete kwenye jiwe lake jeusi adondoshee asidi juu ya ule mstari, shaba inaliwa, dhahabu inabaki. Ni dakika mbili tu. Na ukikuta feki, kumbuka huenda aliyepigwa ni mchumba mwenyewe.

Mwalimu habari za kazi. Nimejenga Kigamboni, bahari naiona dirishani. Bati nimeweka geji 28, fundi alinihakikishia hazishiki kutu, lakini mwaka wa tatu huu kuna kutu kwenye misumari, kwenye kingo alizokata na chini ya mapaa. Nimeuziwa mabati mabovu? (Mzee wa Kigamboni)

Shikamoo mzee wangu. Bati linaweza kuwa zima kabisa na bado likafanya hivyo, kwa hiyo kabla hujaenda kugombana dukani nisikilize.

Bati ni chuma kilichopakwa zinki, hayo mengine ni rangi tu. Chuma kikipata oksijeni na maji kinashika kutu, ukiongeza chumvi ya bahari mambo yanakimbia kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri na kutu ni kazi ya umeme mdogomdogo. Zinki inajitoa mhanga, yaani palipo na chuma na zinki pamoja inaanza kuliwa zinki, ndo maana mkwaruzo mdogo kwenye bati jipya hauleti kutu hata kama chuma kinaonekana. Ikiisha hiyo zinki ndo chuma kinabaki peke yake, na kando ya bahari inaisha haraka kuliko ya mtu wa Dodoma.

Sasa hiyo geji aliyokutajia fundi ni unene wa bati, namba ikiwa ndogo bati ni nene, 28 ni nene kuliko 30, sawa. Lakini geji haikwambii zinki imepakwa kiasi gani! Hilo ndo swali la kuuliza dukani na karibu hakuna anayeuliza. Utakuta maandishi kama Z275, hiyo ni gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba ukijumlisha pande zote mbili. AZ150 ni gramu 150 za mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, aluminiamu ikiwa asilimia 55, na kwa mtu wa pwani mchanganyiko huu unadumu kuliko zinki tupu. Muuzaji akishindwa kukuonyesha hiyo namba mimi ningeondoka.

Kwenye kingo nahisi fundi alikata kwa grainda. Zile cheche ni vipande vya chuma vya moto, vinaunguza mpako halafu vinanasa juu ya bati, kila kimoja kinaanza kutu yake. Bati linakatwa kwa mkasi wa bati. Misumari nayo iwe ya bati yenye zinki na raba chini ya kofia, sio ile ya mbao. Chini ya mapaa ni kwa sababu mvua haifiki kuosha ile chumvi, chukua mpira wa maji yasiyo na chumvi uwe unapaosha mara mojamoja, inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Palipokwisha shika kutu sugua mpaka chuma kionekane, paka praima yenye zinki, kisha rangi.

Na kitu kimoja, kama una kiyoyozi au tangi la maji ya moto la sola lenye bomba za shaba, hakikisha maji yake hayadondokei bati. Maji yaliyopita kwenye shaba yanakula zinki vibaya sana.

Mwalimu mambo, niko fomu two Temeke. Kuna rafiki yangu ananiambia piriodiki tebo, lile jedwali la elementi, lazima ukariri elementi zote 118 ndo utoboe. Kweli? Na aliyeipanga alijuaje?

Poa mdogo wangu. Huyo rafiki anakutesa. Kariri 20 za mwanzo, haidrojeni mpaka kalsiamu, na metali za kila siku kama chuma, shaba, zinki, risasi. Hata mimi nikiulizwa namba 97 nafungua kitabu. Nguvu zako weka kwenye safu, hizi zinazoshuka kutoka juu kwenda chini, kwa sababu walio safu moja wana tabia moja. Lithiamu, sodiamu, potasiamu, wote wana elektroni (chembe ndogo za atomu) moja ya nje na wote wakiguswa na maji ni vurugu, na kadri unavyoshuka vurugu inazidi, ndo maana sodiamu maabara inahifadhiwa ndani ya mafuta. Ukimjua mmoja umewajua wote watatu.

Aliyeipanga ni Mrusi Dmitri Mendeleev mwaka 1869, na kinachonifurahisha ni kwamba elektroni zenyewe zilikuwa hazijulikani, zilikuja kugunduliwa 1897. Elementi zilizokuwa zinajulikana zilikuwa sitini na kitu tu. Akazipanga kwa uzito na tabia, akifika mahali tabia hazikubaliani anaacha nafasi wazi anasema hapa kuna mtu hajapatikana. Nafasi moja chini ya aluminiamu akatabiri kabisa metali hiyo itakuwa nzito kama mara 5.9 ya maji. Mwaka 1875 Mfaransa mmoja, Lecoq de Boisbaudran, akaipata, akaiita galiamu, akapima akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hiyo metali hajawahi hata kuiona, akamwambia sampuli yako chafu, pima tena. Jamaa akasafisha akapima tena, 5.9! Hiyo galiamu inayeyuka kwenye nyuzijoto 29.8, ungeiweka mezani hapa Dar mwezi wa pili saa nane mchana ungekuta uji.

Kuna sehemu uzito ulimkatalia. Telariamu ni nzito kuliko ayodini, ila kwa tabia ilibidi itangulie, akaitanguliza hivyohivyo. Sababu ilikuja kueleweka 1913 kijana wa Kiingereza Henry Moseley alipoonyesha kwamba mpangilio wa kweli ni namba ya atomu, yaani idadi ya protoni, zile chembe za katikati ya atomu zenye chaji chanya, uzito unafuata tu. Moseley aliuawa vitani Gallipoli, Uturuki, 1915 akiwa na miaka 27, na mimi huwa naumia nikifika hapo.

Birthday ya mwanangu wikiendi hii. Mpambaji mmoja maputo ya kupaa anauza bei juu anasema gesi ni heliamu, mwingine bei chee kabisa. Si yote yanapaa? (Mama wa Sinza)

Yote yanapaa mama, ila moja linawaka. Gesi ya bei chee mara nyingine ni haidrojeni, nyepesi kuliko zote, na kwenye birthday kuna mishumaa na kuna wajomba wanaovuta sigara pembeni. Usijaribu kwa kiberiti, omba uone mtungi umeandikwa nini, akianza kona kona achana naye. Heliamu haiungani na kitu, haiwaki. Ughali wake una sababu, inazaliwa ndani ya miamba pale urani na thoriamu, metali zenye mionzi, zinapovunjikavunjika taratibu kwa mamilioni ya miaka, ikishatoka hewani inapotelea angani moja kwa moja, na mashine za MRI za hospitali, zile za kupiga picha za ndani ya mwili, zinaitegemea ikiwa kimiminika cha nyuzijoto hasi 269. Sisi wenyewe tunayo, mwaka 2016 ilitangazwa hazina kubwa bonde la Rukwa. Na watoto wasiivute ili sauti iwe ya katuni, mtu anaweza kuzimia kwa kukosa oksijeni.

Kipimajoto cha zamani kimevunjika chumbani, zebaki imetawanyika, mtoto ameichezea. Nifanyeje? (Mbagala)

Mtoe mtoto, mnawishe mikono, fungua madirisha, watu wasiingie. Usifagie! Fagio linaipasua kuwa vitone vidogo zaidi. Kusanya vitone kwa karatasi ngumu, vilivyobaki nasa kwa selotepu, tia kwenye chupa yenye kifuniko, usimwage chooni wala jikoni. Hatari kubwa ni mvuke wake, unatoka hata bila moto na hauna harufu. Mtoto akikohoa au akiwa na hali yoyote usiyoielewa wahi hospitali uwaambie ni zebaki. Na kwa kuwa umeitaja, wale wa mkorogo someni pakiti, zebaki hujificha kwenye baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha, inapita kwenye ngozi na figo ndo zinalipa.

Eti ndizi zina mionzi? (Ubungo)

Zinayo. Potasiamu yote duniani ina atomu kama 12 zenye mionzi kwa kila atomu 100,000, na wewe mwenyewe unayo hiyo potasiamu mwilini, ikizidi figo zinaitoa kwenye mkojo. Kula ndizi zako bana.