Ratiba ifungieni kwenye droo: maneno kwa wanaoanza kulala garini jangwani

Kuna vijana nimekaa nao jirani wiki hii nje ya Moab, Utah, huku Marekani. Vani yao nzuri kuliko yangu, baiskeli zao ukiuza moja unanunua pikipiki Kariakoo na chenji inabaki, na Kiswahili chao kimenifurahisha, maana huku unaweza kumaliza mwezi hujasikia mtu akikwambia "mambo". Tatizo lao ni ratiba. Wameichapa, wakaibandika kwenye mlango wa friji: Jumatatu njia ya baiskeli ya Slickrock, Jumanne nyingine ya Porcupine Rim, Jumatano barabarani usiku kucha, Alhamisi korongo la Grand Canyon kushuka na kupanda, Ijumaa Sedona. Jumanne ilinyesha. Wakaenda hivyo hivyo, kwa sababu karatasi imesema Jumanne.

Kila msimu narudia maneno yale yale kwa sura mpya, nimechoka. Nayaandika. Sitaeleza ardhi ya umma ya BLM ni nini wala kwa nini huruhusiwi kukaa zaidi ya siku 14 sehemu moja. Kama hujui hayo, bado hujafikia makosa ninayoyasema hapa.

1. Slickrock si njia ya kuanzia. Umaarufu wake ndio unaowaponza. Ilifunguliwa 1969 kwa ajili ya pikipiki, si kwa ajili ya mapaja yenu. Kwenye ramani ni kama kilomita 16, na kila mgeni akiona hiyo namba anasema saa moja na nusu tunakunywa chai. Haoni kwamba ni vilima vya mwamba vinavyofuatana, unapanda kimoja ulimi nje, unashuka, unakuta kingine. Mwamba ukiwa mkavu unashika tairi vizuri ajabu, kwa hiyo miguu ndiyo inayokwisha kwanza, halafu maji, halafu heshima baina ya marafiki. Pale pale kuna kizingo kidogo cha mazoezi. Anzeni hicho, hakuna atakayewacheka. Na mistari myeupe iliyochorwa kwenye mwamba ifuateni, haikuwekwa kwa urembo.

2. Mbigili zipo. Ndiyo, hizi hizi za Dodoma, zilivuka bahari zikaja kuota pembeni ya kila maegesho ya Magharibi ya Marekani. Mtu anatoka Nairobi na tairi za tyubu, anasukuma baiskeli hatua tatu nje ya njia akajisaidie, anarudi na pancha nne. Wekeni tairi zisizo na tyubu, na dawa ya pancha iangalieni mara kwa mara, kwa sababu hewa hii inaikausha upesi. Vueni gurudumu, litikiseni karibu na sikio. Msiposikia kitu kikichezacheza ndani, mmebeba tairi kavu.

3. Udongo wa kijivu ukilowa, usiwashe gari. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Utah na Colorado zina tabaka la udongo linaloitwa Mancos Shale. Lilikuwa tope la chini ya bahari enzi za dinosaria, na ndani yake kuna mfinyanzi unaovimba ukinywa maji. Likikauka ni barabara safi kabisa, gari dogo linapita. Likilowa hakuna gari. Sisemi gari dogo; hakuna gari.

Nilikuwa nimeegesha karibu na Hanksville, upande wa Factory Butte, mlima ule uliosimama peke yake kijivu mpaka unadhani uko mwezini. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja wa Kimarekani mwenye pikapu iliyochakaa. Alasiri akaja kugonga kioo. Akasema anahamia karibu na lami, usiku mvua itashuka. Nikatazama juu: buluu tupu. Nikamshukuru kwa adabu zote, na moyoni nikasema wazee huku ni waoga. Akaondoka taratibu, vumbi likamfuata.

Mvua ilikuja usiku wa manane, haikufika hata saa nzima. Asubuhi jua kali, ndege wanalia, na mimi nina ahadi Fruita, upande wa Colorado. Rafiki zangu wananisubiri tupige njia za baiskeli za 18 Road. Nikatia ufunguo.

Mita za mwanzo zilikuwa sawa, nilikuwa nimeegesha juu ya changarawe. Zile mita ndizo zilizonidanganya. Nilipoingia kwenye udongo wenyewe usukani ukawa mwepesi kupita kiasi, kama mkono hauna kazi. Tairi ziliokota tope, tope likaokota tope, mpaka nafasi kati ya tairi na bodi ikajaa na magurudumu ya mbele yakagoma kuzunguka. Nyuma gari likaanza kwenda upande. Taratibu, bila kelele, likakaa mtaroni.

Mwenye akili angezima, akachemsha chai. Mimi nikatoa mbao za kujinasulia, nikazipanga mbele ya tairi, nikakanyaga mafuta. Moja ilizama sikuiona tena mpaka nilipoichimba. Nikatoa sepetu. Kila nikichota, udongo unakatalia kwenye sepetu, unaukung'uta na kiatu, unahamia kwenye kiatu. Baada ya muda nilikuwa mrefu kuliko kawaida yangu, nimesimama juu ya visigino vya tope, nikilaani kwa Kisukuma, lugha ambayo naitumia kwa mambo mazito tu.

Ndipo likanijia wazo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafumba macho: nina baiskeli! Lami iko kilomita chache, nitakanyaga. Nikaishusha, nikavaa viatu vya kubana pedali, vile vyenye chuma chini, nikatoka bila kofia kwa sababu nilikuwa na hasira. Sikufika mbali. Tope lilijaa kwenye uma na kwenye fremu, magurudumu yakasimama. Nikalikwangua kwa kijiti, nikasukuma hatua chache, yakasimama tena. Mara ya kwanza nilipolazimisha pedali, gia ya nyuma ilivutwa ikaingia kwenye spoki na kile kipande kinachoishikilia kikakatika. Mlio mdogo tu, tak. Kuanzia hapo niliibeba begani. Baiskeli ninayoinyanyua kwa mkono mmoja ilikuwa imegeuka gunia.

Nilifika lami mchana, midomo imepasuka. Mtu wa pikapu akanichukua mpaka Hanksville (hakuwa yule mzee, Mungu alinisitiri), nikampigia simu mwenye bredauni. Jamaa alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza gari liko wapi hasa, nikamwambia. Akasema sawa, atakuja kesho saa sita mchana.

"Kesho? Kwa nini si leo?"

"Barabara itakuwa imekauka kesho."

Mmemwelewa? Mimi sikumwelewa mpaka kesho yake. Mwenye winchi, mnyororo na gari kubwa kuliko nyumba ya mjomba wangu, hakuthubutu kuingia kwenye udongo ule ukiwa umelowa. Alisubiri. Nami nikasubiri vilevile, ila mimi nikiwa nimelala kwenye kiti nje ya kituo cha mafuta, blanketi na chai vimebaki garini. Tulipofika palikuwa pamekauka, mtu unatembea na kandambili. Kama nisingegusa ule ufunguo, ningeondoka mwenyewe saa hiyo hiyo bila kulipa hata senti. Nililipa zaidi ya dola elfu moja kuvutwa kutoka mtaro niliouingia kwa juhudi zangu mwenyewe.

Halafu Fruita. Nilipopata mtandao nikawapigia wale niliokuwa nawakimbilia, niombe radhi. Wakashangaa. Mvua ilikuwa imenyesha na kwao, udongo wa kule ni jamaa wa huu huu, na hakuna mtu mwenye haya anayepanda njia za pale zikiwa zimelowa, kwa sababu unaacha mfereji ambao ukikauka unakuwa zege na unawaharibia wengine. Walikuwa wamelala siku mbili wakicheza karata. Mifereji yangu mimi niliikuta masika iliyofuata, bado imekaa vilevile, na alama za sepetu pembeni. Niliegesha mbali nayo, isije mtu akaniuliza.

Kwa hiyo nikiwaambia kaeni, msinijibu kwamba gari lenu lina magurudumu manne yanayovuta. Magurudumu manne yanajaa tope kama mawili, tofauti yake ni kwamba utakwama ndani zaidi.

4. Mvua ya kuogopa si inayokunyeshea wewe. Tarehe 12 Agosti 1997 watu 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, Arizona, wamesimama kwenye mchanga mkavu, kwa mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali huko juu. Septemba 14, 2015 wengine saba wakafa Keyhole Canyon, ndani ya hifadhi ya Zion. Korongo jembamba halina pa kukimbilia. Kuanzia katikati ya Juni mpaka mwisho wa Septemba ni msimu wa mvua za alasiri kule kusini, na utabiri unaoutazama uwe wa bonde zima linalomwaga maji kwenye korongo lenu, si wa pale mlipoegesha. Ukiona magogo yamekwama juu ya kichwa chako kati ya kuta mbili, jiulize yalipandaje.

5. Maji peke yake hayatoshi. Hili wageni wananikatalia kila mwaka. Wamesikia jangwani unywe maji, basi wanakunywa kama wameapa. Ukitoka jasho siku nzima na kumimina maji matupu, chumvi ya damu inashuka, na dalili zake zinafanana na za joto: kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Mwenzio akikuona hivyo anakuongezea maji. Beba karanga za chumvi na ule hata kama huna hamu. Grand Canyon ndiko hesabu hii inakokosewa zaidi, kwa sababu kule unaanza kwa kushuka. Mlima wa kawaida ukichoka unageuza na kuteremka, kule ukichoka ndipo kazi inaanza. Njia ya South Kaibab haina maji mahali popote. Wakati wa joto hifadhi yenyewe inashauri watu wasitembee kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na hiyo ratiba ndiyo pekee ninayoiheshimu.

6. Ya harakaharaka, maana chai inachemka. Ule udongo mweusi wenye vinundunundu mnaoukanyaga mkienda kupiga picha una viumbe hai vinavyoshikilia mchanga, na unyayo mmoja unafuta kazi ya miaka mingi. Tembeeni juu ya mwamba au mkondo mkavu. Betri ya lithiamu haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na ndiyo, jangwani usiku kunaganda. Kengele ya gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi ni lazima, sitaki mjadala. Panya wa huku wanatafuna nyaya; mkiegesha siku kadhaa, acheni boneti wazi usiku, hawapendi uwazi. Haja kubwa mnafanyia kwenye mfuko maalumu na mnaondoka nao, kwa hiyo mfuko huo uwe na mahali pake nje ya gari (kuna aliyeuweka karibu na mkate, sisemi nani, ila ameoa). Njia za miguu za hifadhi ya Arches ni za miguu, baiskeli zinaishia barabarani. Arizona hawabadilishi saa majira ya joto lakini nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili, ndani yake wanabadilisha, basi mkipanga kukutana, mtaje saa ya nani.

7. Mwachieni mtu ujumbe wa mlipo, lakini si mama. Nasema kwa upendo. Kuna kijana wetu mmoja alikuwa anaingia korongoni siku mbili, hana mtandao, akamwachia mama yake Mwanza ujumbe: "Nisipopiga kesho jioni ujue kuna tatizo." Jioni ya wapi? Kati ya Utah na Mwanza kuna saa tisa, na majira ya baridi ni kumi. Jioni ya mama ilifika kijana akiwa ndiyo kwanza anakunja hema asubuhi. Mama akampigia dada mkubwa Dallas, dada akampigia shemeji Minnesota, shemeji akafungua kundi la ukoo. Kijana alipotoka korongoni, amechomwa na jua, mzima wa afya, simu ilipopata mtandao ililia mfululizo mpaka ikapata moto. Wakati huo michango ilikuwa imeshafika shilingi milioni mbili na laki tatu, mjomba kateuliwa mweka hazina, na kulikuwa na ubishi mkali kama mwili upitie Dar au Nairobi.

Zile hela mpaka leo hazijarudishwa zote. Mwachie ujumbe mtu ambaye saa yake ni sawa na yako: jina la njia, gari limeegeshwa wapi, rangi yake, na saa ambayo ikipita ampigie sherifu wa kaunti hiyo. Muongezee saa tatu juu ya makadirio yako, kwa sababu utachelewa.