Okidi yako na mfereji wangu

Mwanangu Zuhura,

Picha ya ua lako la okidi tumeiona. Mama yako kaikuza mpaka simu ikaisha chaji. Unauliza: profesa wako hapo Nanjing, China, kakupa chungu hicho wiki ileile cheo kilipokwenda kwa mwingine, je, anakusifu au anakuambia unyamaze? Ngoja nianzie Mlimba.

Mwaka 1974 tulikuwa tukichimba mifereji ya maji kando ya reli ya TAZARA, tuliyoijenga na Wachina. Mkalimani mmoja wa Kichina alikuwa akija jioni tunywe chai. Siku moja akaja na okidi iliyodondoka mtini, mizizi inaning'inia, akanisimulia kwa sauti ya chini habari za Confucius, mwalimu wao mkuu wa kale. Confucius alikwama njiani kati ya nchi ndogo za Chen na Cai, siku saba chakula hakuna, mwanafunzi wake Zilu kafura: mtu mwema anateswaje hivi? Akajibiwa kuwa okidi huota msitu wa ndani, wala haiachi kunukia eti kwa kuwa hapana mtu wa kuinusa. Akaniongezea ya pili: kukaa na wema ni kuingia chumba chenye okidi, mwishowe husikii harufu maana ishakuingia; kukaa na waovu ni kuingia duka la samaki wa chumvi, mambo yaleyale. (Mama yako na meza yake ya ng'onda hajanisamehe hiyo mpaka leo.)

Nilifurahi kama mtoto. Kesho yake, mbele ya wenzake, nikapaza sauti: "Rafiki, hebu rudia yale ya Confucius!" Mwaka ule kwao Confucius alikuwa akipigwa vita mikutanoni. Sikujua. Aliinamia bakuli lake la wali, masikio yamemwiva, asinijibu. Chai yetu ikaishia pale.

Unanijua: kazi ya mfereji ndiyo kazi, haionekani mpaka mvua inyeshe. Nimewaimbia hivyo tangu mko chekechea, na Confucius nilimhesabu upande wangu. Lakini inasimuliwa pia kwamba akirudi kwao nchi ya Lu kutoka nchi ya Wei, watawala wamemkataa mmoja baada ya mwingine, aliona okidi bondeni katikati ya magugu. Akasema ua hili lilistahili kumnukia mfalme, akachukua zeze, akapiga wimbo wa majonzi. Sasa kama ua halijali kunuswa, yeye alilia nini? Labda ua halijali, mtu ndiye anayejali. Hapana, huko ni kumtetea. Kazi ya mfereji ndiyo kazi, ila mwaka 1976 reli ilipokabidhiwa, wageni wakipiga picha kwenye mabehewa, mimi nilitamani hata mmoja ainame autazame mfereji wangu.

Kuhusu kuomba kazi kwingine, neno ninalo, liko hapa kwenye ncha ya ulimi. Mama yako kanikataza, basi sisemi. Lakini profesa muulize mwenyewe alikusudia nini. Mkiwa wawili tu, tafadhali, si mbele ya wenzake.

Baba yako